Kuku Aliyechechemea

Kahama, Jumanne, saa kumi na moja jioni

Joto. Mawingu yalikusanyika upande wa Geita tangu saa nane, yakasimama hapo kama wageni wasiokaribishwa, kisha yakaondoka. Mvua bado. Vumbi la malori ya mpunga limetanda juu ya majani ya mpera, juu ya kamba ya nguo na juu ya meza hii ninayoandikia. Nimeifuta mara mbili.

Sina huzuni. Naliandika hili mapema kwa sababu wanaosoma kurasa hizi, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani, watadhani naandika kwa huzuni. Sina. Nimekaa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: najua taya lipo, lakini silisikii.

Binti yangu Minza yumo ndani. Namsikia akiosha vyombo kwa mkono mmoja.

Kwa msiomjua, Minza ni mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Ana miaka ishirini na tisa. Kwa miaka kumi amecheza mashindano madogo ya Nairobi, Misri, Tunisia na Uturuki, yale yasiyoonyeshwa kwenye televisheni, ambako mchezaji hufua nguo zake mwenyewe na pengine hulala chumba kimoja na mtu atakayepambana naye kesho yake. Mara mbili ameumia vibaya na mara mbili amerudi uwanjani. Hii ni mara ya tatu. Safari hii ni kifundo cha mkono wa kulia, mkono wa raketi.

Ijumaa hii alikuwa afanyiwe upasuaji Mwanza.

Nieleze jambo lilivyo, kwa mpangilio. Mwezi wa sita alianguka uwanjani huko Tunisia, akajikinga kwa mkono huo. Maumivu hayakuisha. Aliporudi nyumbani alipigwa picha, na picha ikaonyesha kwamba mfupa mmoja mdogo chini ya kidole gumba, wenye umbo na ukubwa wa korosho, umekatika vipande viwili. Daktari alisema kwamba kama ulikatika mwezi wa sita, atafungua, atapandikiza kipande cha mfupa kutoka nyongani, atakaza kwa skrubu, na baada ya miezi kadhaa Minza atashika raketi tena. Lakini kama ulikatika zamani, vipande hivyo vimekwisha kusagana kwa miaka mingi, na kuvifungua hakutamrudisha uwanjani. Kutampotezea mwaka mwingine na kumwachia mkono mgumu kuliko alio nao sasa. Picha, kwa maneno yake, ilielekea kuonyesha jeraha la zamani, lakini hakutaka kukata shauri kwa picha peke yake.

Alipiga simu jana asubuhi. Minza aliweka spika ili nami nisikie.

"Una hakika hukuwahi kuvunjika mkono huu?"

"Niliteguka tu, daktari, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba yupo hapa. Baba, si niliteguka?"

"Uliteguka," nilisema.

Neno moja. Nililitamka vizuri, kama ninavyotamka kila neno.

Hakuteguka. Alivunjika, nami nilijua tangu siku ileile.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya hapa mjini. Tenisi nilijifunza chuo cha ualimu, kwa mkufunzi aliyekuwa na raketi mbili na hakuwa na mtu wa kucheza naye. Nilipopangiwa kazi hapa nilimwomba mkuu wa shule kipande cha ardhi nyuma ya stoo, nikatengeneza uwanja. Nasema nilitengeneza, lakini mimi nilijua vipimo tu. Aliyejua udongo ni mke wangu, Mama Minza. Alikusanya wanawake wenzake, wakachimba udongo wa kichuguu, wakautwanga, wakaulowesha, wakausiriba kwa samadi ya ng'ombe kama wanavyosiriba uwanja wa kupuria mtama. Ulikauka ukawa mgumu kama sakafu. Neti nilinunua Buseresere kwa muuza nyavu za dagaa, ambaye aliniuliza natarajia kuvua samaki gani Kahama.

Minza alianza akiwa na miaka sita. Juu ya udongo wa kichuguu mpira hauruki sana, hivyo alizoea kuinama na kuuokota karibu na ardhi. Hadi leo hucheza hivyo. Mtangazaji mmoja wa uwanjani huko Misri alisifu magoti yake akauliza kocha gani alimfundisha. Kocha ni mchwa.

Hayo niliwahi kumwandikia Minza kwa utani, naye alicheka. Ni moja ya mara chache nilizomchekesha. Kwa kawaida nilimsahihisha. Siku aliyoshinda mchezo wake wa kwanza wa kulipwa aliniandikia ujumbe kutoka Nairobi kwa herufi kubwa tupu. Nilimjibu kwamba herufi kubwa hutumika mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina maalumu.

Hakunijibu kwa siku tatu. Nilidhani simu yake imeharibika.

Jeraha la kwanza lilikuwa la bega. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na hakuweza kuinua mkono ili achane nywele. Alirudi nyumbani akakaa mwaka mzima. Alifunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nondo za dirisha la chumba chake, akawa anauvuta asubuhi, mchana na jioni, mpaka rangi ya dirisha ikachubuka. Mama yake alikuwa hai wakati huo. Alikaa kwenye kigoda kando yake akipepeta mchele na kumhesabia. Minza aliporudi uwanjani alitolewa mchezo wa kwanza na msichana wa miaka kumi na sita, tena kwa seti mbili asizopumua. Akaendelea. Mwaka uliofuata alichukua kikombe Misri, chake cha kwanza. Bado kipo juu ya kabati la vyombo.

Jeraha la pili lilikuwa la goti. Lilipinda Uturuki, akapasuliwa Dar es Salaam, akarudi huku kwa magongo. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Masika yalipofika Minza aliacha magongo akaanza kwenda kwenye majaruba kila asubuhi. Tope la mpunga hushika mguu mpaka katikati ya muundi, na kila hatua ni kazi. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, huku wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga wakimwita kwa Kisukuma na kumuuliza kama amekwisha kumpata kambare. Wakati ule alikijua Kisukuma kwa shida. Wao ndio waliomfundisha.

Nyumbani kwangu Kisukuma kilikatazwa. Nilitaka mwanangu azungumze Kiswahili kisicho na doa. Ni jambo nitakalolirudia chini, kwa hiyo nalitaja hapa.

Aliporudi mara ya pili alicheza vizuri kuliko mwanzo. Wanaojua mchezo waliniambia hivyo. Mimi nilimwambia kwamba anachelewa kugeuza bega.

Sasa niandike lile lililonikalisha hapa.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Yalibaki majuma matatu tu kufika mashindano ya vijana Mwanza, na mshindi wa wasichana angechukuliwa kufundishwa Dar es Salaam. Tulikuwa uwanjani, yeye na mimi. Nilipiga mpira wa juu. Alirudi kinyumenyume kuufuata, kisigino kikajikwaa kwenye jiwe la mpaka, akaanguka na mkono nyuma.

Mpira ule niliupiga mimi. Ulikuwa mrefu mno, ungetoka nje. Angeuacha. Lakini nilikuwa nimemfundisha asiache mpira wowote.

Mkono ulivimba. Nilijua hospitali wangemfunga plasta kwa miezi miwili au zaidi. Kwa hiyo sikumpeleka hospitali. Nilimpandisha kwenye baiskeli nikamvusha upande wa pili wa majaruba, kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mifupa. Nilibeba kuku jike, mweupe mwenye madoa, kwa sababu fundi hakuanza kazi bila kuku.

Mzee yule alifumba macho akaupapasa mkono kwa muda mrefu. Kisha akasema nami kwa Kisukuma. Alisema mfupa mdogo chini ya gumba umevunjika. Alisema mfupa huo ni mkaidi, mara nyingi hukataa kuunga, na kwamba angekuwa mtoto wake angempeleka hospitali pia. Minza alikuwa ameketi katikati yetu, akitazama kinywa cha huyu na kinywa cha huyu. Hakuelewa hata neno moja. Mimi ndiye niliyehakikisha kwamba hataelewa.

"Anasemaje?" aliniuliza.

"Umeteguka. Nyamaza akufunge."

Fundi aliufunga mkono kwa vipande vya mwanzi na dawa nyeusi. Kisha akamchukua kuku, akamvunja mguu, akamfunga vilevile kwa mwanzi na dawa ileile. Ndiyo desturi yao. Kuku huyo hulelewa nyumbani kwa mgonjwa. Siku kuku atakapotembea bila kuchechemea, mgonjwa naye hufunguliwa.

"Usimfungue mtoto kabla ya kuku," mzee alisema. Alirudia. Hakutabasamu aliporudia.

Kuku aliwekwa chini ya tenga nyuma ya jiko. Minza alimlisha chenga za mchele kila asubuhi na kumpa taarifa za shule. Mama Minza naye nilimwambia kwamba ni kuteguka. Mke wa mwalimu hakuwa na sababu ya kumshuku mwalimu.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Alhamisi. Kesho yake tulipaswa kupanda basi. Nilikwenda nyuma ya jiko nikainua tenga. Kuku alisimama. Akaweka mguu chini, akauinua. Akauweka tena, akauinua. Alikwenda hivyo mpaka kwenye ukuta, akajiegemeza kwa bawa.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama kuku.

"Baba Minza," mke wangu aliniita kutoka jikoni, "anatembea?"

"Anatembea," nilijibu.

Nilisahihisha karatasi za wanafunzi kwa miaka thelathini na miwili. Wazazi walikuja mlangoni na mbuzi, nikawarudisha na mbuzi wao. Sikumpa mtoto wa mtu yeyote nusu alama asiyoistahili. Kuku nilimpa.

Minza alishinda Mwanza. Aliporudi tulimchinja yule kuku, kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Mama Minza ndiye aliyemnyonyoa. Nilimwona kutoka barazani amesimamisha kazi, ameushika mguu mmoja, anaupindisha kidogo kwa vidole viwili, pale ambapo haukupaswa kupinda. Aliinua uso akanitazama. Kisha akaendelea kunyonyoa. Hakusema kitu siku ile, wala mwaka ule, wala siku aliyofariki.

Katika nyumba yetu firigisi ni ya baba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za huku. Jioni ile niliitoa kwenye sahani yangu nikaiweka kwenye sahani ya Minza. Alinitazama kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba.

Nilipompeleka hospitali kwa lile bega, miaka kumi na mmoja baadaye, daktari wa wakati huo alishangaa. Alisema ni kama bega hili limekuwa likifanya kazi ya mkono kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeketi palepale. Nilitazama kalenda ukutani. Goti si langu. Goti lilipinda lenyewe. Bega nadhani ni langu.

Sasa ya leo.

Asubuhi alikuja jirani yetu Mama Kulwa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Huja kila Jumanne na michembe ya moto, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa, na karanga, na maneno mengi. Minza alimpokea bakuli kwa mkono wa kulia akiukinga kwa wa kushoto. Nilimwona akifunga kinywa kwa maumivu. Anafanya hivyo kwa sababu nilimfundisha kwamba mtu mzima hapokewi wala hapewi kitu kwa mkono wa kushoto, na hata sasa mkono ukiwa hivyo hajaacha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Bondia wetu anaendeleaje?"

"Mama Kulwa, mimi sipigani," Minza alisema.

"Mtu anavunjika bega, anavunjika goti, anavunjika mkono, halafu anasema hapigani. Basi huyo anayekupiga mwambie aache. Mwanangu, huko Mwanza watakukata bure. Mjukuu wa yule fundi wa mifupa yupo Buseresere sasa. Kuna mchimbaji aliangukiwa na mwamba ndani ya duara, shimo la dhahabu, wakamtoa mguu umegeuka kisigino mbele. Leo anacheza ngoma."

"Ngoma gani?"

"Hata kama ni ya kukaa, anacheza."

Minza alicheka. Alicheka sana kuliko nilivyomsikia tangu arudi. "Mimi fundi nilishampata utotoni, Mama Kulwa. Kuku alivunjwa, kuku akapona, akaliwa. Baba, kuku wangu si alitembea?"

"Kula michembe," nilisema. "Inapoa."

Hiyo ilikuwa mara ya pili katika siku mbili.

Mama Kulwa alipoondoka nilikaa barazani nikijaribu kusoma gazeti la juzi. Nilisoma aya moja mara nne. Nilijiambia kwamba daktari ni mtu msomi na picha anayo. Nilijiambia kwamba akifungua ataona mwenyewe. Nilijiambia kwamba Minza anataka upasuaji huu, na kwamba si kazi ya mzazi kumnyima mtoto tumaini siku tatu kabla. Zote zilikuwa sentensi sahihi. Sikuona kosa katika yoyote.

Saa saba hivi niliingia ndani kunywa maji. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Mfuko wa safari ulikuwa kitandani, umekwisha kufungwa, ingawa basi ni la Alhamisi. Yeye alikuwa ameketi sakafuni, raketi ameibana kati ya magoti, anazungushia mpini utepe mpya. Kwa kuwa mkono wa kulia hauna nguvu, ncha ya utepe aliing'ata kwa meno. Mkono wa kushoto ulikuwa unazungusha.

Nani hubadilisha utepe wa raketi ambayo hataishika kwa miezi mingi? Mtu mwenye hakika kwamba ataishika.

"Minza, acha hiyo kwanza."

Alitikisa kichwa, maana yake anakaribia kumaliza.

"Kuku hakutembea," nilisema.

Aliendelea kuzungusha, raundi mbili au tatu. Kisha mkono ukasimama, utepe bado mdomoni.

"Kuku yupi?" aliuliza kupitia meno.

"Kuku wa fundi. Alikuwa bado anachechemea. Na hukuteguka. Ulivunjika, mfupa huuhuu. Fundi aliniambia kwa Kisukuma, nawe hukuelewa. Nilikufungua kwa sababu ya mashindano."

Nilisema yote hayo nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe cha maji mkononi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nilisubiri moyo unipige, machozi yanitoke, magoti yalegee, kitu chochote kati ya vile watu husema huwatokea. Hakuna kilichotokea. Niliona kwamba kikombe kina ufa ukingoni.

Minza alimaliza utepe. Alikata ncha kwa meno, akaibandika, akaibonyeza kwa gumba la kushoto mpaka ikashika. Ndipo akachukua simu.

Safari hii hakuweka spika.

"Daktari, shikamoo. Ni Minza wa Kahama. Nimepiga kukwambia kwamba mfupa ulivunjika. Ndiyo, huohuo. Nikiwa na miaka kumi na miwili." Akasikiliza. "Siku kumi na nane. Hapana, si plasta. Mianzi." Akasikiliza tena. "Nina hakika. Baba yupo hapa."

Kisha alisikiliza kwa muda mrefu. Alisema "sawa" mara tano. Nilizihesabu. Ya tano ilikuwa ndogo kuliko nyingine.

Aliweka simu juu ya mfuko wa safari.

"Ijumaa hakuna," alisema. "Anasema niende siku yoyote, bila haraka, tuzungumze kuhusu maumivu. Kuhusu namna ya kuishi nayo. Kucheza, hapana."

"Nimeelewa."

"Mama alijua?"

"Siku ya kumnyonyoa kuku. Kabla ya hapo hakujua."

Alitikisa kichwa polepole. Aliugeuza mkono wake wa kulia, kiganja juu, kiganja chini, kama mtu anayekagua kitu sokoni. Nilidhani atalia au atapaza sauti. Ningependelea apaze sauti, kwa sababu hilo ningejua la kufanya nalo. Shuleni watoto waliopaza sauti niliwatoa nje.

"Nawe uliniacha nicheze," alisema. "Miaka kumi na saba."

"Nilikuacha."

"Nikivuta mpira wa baiskeli pale dirishani, ulikuwa unapita na gazeti lako."

"Nilikuwa napita."

Nje lori la mpunga lilipita, madirisha yakatetemeka, likaenda. Kisha aliuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ile firigisi."

Nilingoja amalizie.

"Huko nje wachezaji wenzangu wakisimulia baba zao, wanavyowakumbatia, wanavyowapigia makofi, mimi nasimulia firigisi. Nasema baba yangu amenisifu mara moja tu maishani, na hakutumia neno hata moja. Wanapenda sana hadithi hiyo. Sasa nataka kujua, Baba. Ilikuwa ya kunisifu, au ilikuwa ya kile ulichokifanya?"

Nilitafuta jibu. Nilikumbuka sahani, mchuzi, taa ya chemli, mkono wa mtoto wenye alama nyeusi za dawa ambazo hazijatoka. Nilikumbuka mkono wangu ukivuka meza. Sikuweza kukumbuka nilikuwa nawaza nini.

"Sijui," nilisema.

Katika maisha yake yote sikuwahi kumjibu hivyo. Nilimfundisha kwamba asiyejua jibu aende akalitafute kabla ya kufungua kinywa.

Alinipita mlangoni akaenda jikoni. Baadaye nilisikia maji.

Hiyo ni saa nne zilizopita. Tangu hapo nimefuta meza, nimemwagia mpera maji, nimekwenda mpaka uwanjani na kurudi. Udongo umepasuka upande wa kusini na mchwa wameanza kuurudisha ulikotoka. Jiwe la mpaka bado lipo. Nililishika. Ni jiwe dogo.

Mtauliza kwa nini naandika hadharani. Kwa sababu kwenye kurasa hizi nimewahi kuandika mara nyingi kuhusu ukweli, na kuhusu uzembe wa vijana wa siku hizi, nanyi mlinipongeza. Sitafuti pole. Msiniandikie pole. Mwenye kustahili pole ana jina, na jina hilo ni Minza. Nimemsomea niliyoyaandika mpaka aya iliyo juu ya hii, ya mchwa wa uwanjani, kwa kupitia dirisha la jiko, nikamuuliza kama anakubali yachapishwe. Alisema, "Chapisha. Usinipambe."

Sijakupamba, Minza. Niandike pia, maana sikuwahi kuliandika popote, kwamba upigaji wako wa upande wa kushoto, ule wa mgongo wa kiganja, ni mzuri. Ulikuwa mzuri tangu una miaka tisa. Nililiona siku ile na sikulisema. Bega halikuwa limechelewa kugeuka.

Kesho asubuhi nitakwenda kuziba zile nyufa. Udongo wa kichuguu bado upo nyuma ya stoo. Sijui uwanja utakuwa wa nani.

Jua limeshuka nyuma ya paa la mashine ya Mama Kulwa. Minza ametoka sasa hivi na chai yangu. Ameniletea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuacha ukining'inia kando, umepumzika. Hakuukinga kwa kitu wala hakutoa udhuru. Alisimama hapo na kikombe akinitazama, akingoja kuona nitasema nini.

Nimepokea.